Mkono wa Madame na Tundu la Kioo

Sogea karibu, msikilizaji wangu. Na kama una sanduku la kioo la kufugia samaki nyumbani kwako, lenye tundu dogo la kutolea maji linaloziba kila mara, sogea zaidi. Nitakueleza namna ya kulipanua bila kukipasua kioo. Kazi yenyewe si ngumu, usiiogope. Ila siwezi kukueleza tundu bila kukueleza kwanza mtu aliyelipanua mbele ya macho yangu. Kazi hii nusu yake ni vyombo na nusu yake ni tabia, na ile ya tabia niliiona kwake.

Tulimwita Madame. Pale Ngezi, mtaa wetu wa mji wa Bunia, walikuwako akina Madame wengi wenye majina yao, lakini ukisema Madame peke yake hata mtoto wa miaka minne angekushika kidole na kukupeleka kwenye mlango wake. Alikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari mpaka vita ilipoifunga. Mimi nilikuwa fundi wa magari, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Vita ilinyamazisha karakana yangu pia: aliyekuwa na gari alilificha, na ambaye hakulificha hakuwa nalo tena. Nikabaki mtu mwenye vyuma vingi na muda mwingi. Jirani wa namna hiyo Madame hakumwacha apumzike.

Kitu cha kwanza alichojulikana nacho ni mkono. Hakuna mtu aliyepita mbele ya mlango wake bila kupewa mkono wa salamu. Zingatia kwamba nasema juu ya siku ambazo watu walikuwa wamejifunza kupita wakitazama chini. Salamu ilikuwa imegeuka kuwa swali: huyu ni wa upande gani, na akinijibu, lafudhi yake itaniambia nini? Madame hakutaka kulijua swali hilo. Aliinuka kwenye kigoda chake, akavuka bustani yake ya lenga-lenga, mboga kama mchicha, akanyoosha mkono juu ya ua. Mkono ukiwa na unga au maji alikupa kifundo cha mkono ukishike, kama tufanyavyo sote, lakini kupita bila kushikwa hupiti. Watu walimwonya kwamba siku moja atamsalimia asiyepaswa. Jibu lake lilikuwa moja: "Mukono haiulizi kabila."

Cha pili ni alama. Alikuwa amesahihisha daftari kwa miaka mingi hata hakuweza tena kuacha. Kila kitu alikipa alama juu ya ishirini, kwa Kifaransa, kama darasani. Bugali ya mke wangu ilipata seize, kumi na sita. Mahubiri ya Jumapili mara nyingi yaliishia dix, kumi tu, kwa sababu ya urefu. Usiku mmoja milio ya risasi ilipokoma, nilimsikia upande wa pili wa ukuta akisema zéro, kwa sauti ya mwalimu aliyechoka, kisha akaenda kulala.

Usidhani alikuwa mtu wa chuma. Hakuogopa barrière, vile vizuizi vya barabarani vyenye vijana wenye bunduki, lakini aliogopa kuku. Kuku wangu mmoja mwekundu akiruka ukuta, Madame alipanda juu ya kiti na kuniita kwa sauti ambayo hakuitumia hata mabomu yalipoanguka. Na aliwapenda samaki wake kama watoto, huku akila samaki mkavu wa Tchomia, kule ziwani, mara tatu kwa wiki. Nilimkuta siku moja anakula. Sanduku la kioo lilikuwa limefunikwa kitenge kizima, mpaka chini. Nikamwuliza kama ni baridi.

"Heshima," akanijibu, akitoa mwiba mdomoni. "Weye ungependa waone?"

Sanduku lenyewe lilitoka shuleni. Siku shule ilipoporwa, walichukua madawati, mabati, milango na hata ubao wa kuandikia, lakini walioingia katika chumba cha biolojia hawakuona kazi ya boksi la kioo lenye fremu ya chuma, refu kama mtoto aliyelala. Waliliacha katikati ya sakafu tupu. Kesho yake Madame alikodi mkokoteni, akalilaza sanduku juu ya godoro lake mwenyewe, akalifunga kwa blanketi, akalisindikiza kwa miguu mpaka Ngezi. Kwenye barrière ya mwisho wa avenyu yetu, kijana mmoja mwenye bunduki aliufungua mzigo na kuuliza ni kitu gani. Akamwambia ni nyumba ya samaki. Kijana alicheka mpaka akaketi. Akawaita wenzake waje wamwone mama huyu: watu wote wanakimbia na vyombo vyao, yeye anakimbia na nyumba ya samaki isiyo na samaki. Wakampitisha bila kumwomba chochote. Madame aliwapa mkono, mmoja mmoja.

Samaki waliletwa na mama mmoja aliyekuwa akileta samaki kutoka Tchomia siku ambazo njia ilifunguka. Walikuwa ngege sita, wadogo kama vidole, wakiwa hai ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililokatwa juu. Walikua vizuri. Shule ikiwa imefungwa, Madame aliwaambia watoto wa avenyu waje kila Jumamosi asubuhi. Walikuja watoto wa pande zote, wakaketi chini mbele ya kioo, na kwa saa nzima husikii kitu ila sauti yake.

Basi ngege jike mmoja akataga. Kama hukujua, nikueleze, maana ni jambo zuri: huyu samaki hayaachi mayai yake. Huyachukua yote mdomoni, akakaa nayo bila kula, taya limevimba, mpaka watoto watoke. Na wakishatoka, kwa siku kadhaa huwatema waogelee, na akiona hatari hufungua mdomo, wote wanarudi ndani. Madame aliwachorea watoto jambo hilo kwa mkaa ukutani. Hawakusadiki. Mmoja alisema ni hadithi ya Wazungu. Madame akaahidi mbele ya wote: mutaona kwa macho yenu.

Ahadi hiyo ndiyo iliyotuingiza katika kioo. Tundu la kutolea maji, nyuma karibu na chini, lilikuwa pana kama kalamu tu. Uchafu wa samaki wakubwa sita uliliziba kila baada ya siku mbili. Likiziba, maji yanaoza, na ngege jike asiyependa maji yake hutema mayai au huyameza. Kuteka kwa kikombe kulimsumbua zaidi. Madame aliwahamishia wote kwenye beseni pana, jike peke yake katika la pili, akafunika. Lakini beseni si kioo, jua liliyachemsha maji, na watoto wangeona nini kwenye beseni? Alihesabu kwa vidole: zimebaki siku tano au sita kabla ya watoto wa samaki kutoka. Katika Bunia nzima wakati ule hukupata kioo kinene namna ile, wala wa kukitengeneza. Tukikipasua, hakuna kingine.

Sasa nisikilize vizuri, hii ndiyo kazi. Kioo hakitobolewi kwa kukatwa, kinatobolewa kwa kusagwa. Chukua kipande cha bomba la shaba, lenye upana wa tundu unalolitaka. Letu lilikuwa pana kama kidole gumba, tulilitoa kwenye nyumba iliyobomoka. Pigilia mti upande mmoja wa bomba, na mti huo uubane kwenye chignole, ile drili ya mkono inayozungushwa kwa mpini. Shaba haisagi kioo yenyewe. Kinachosaga ni mchanga mkali sana. Mimi nilikuwa na mkebe wa pâte à roder, uji mzito wenye chenga ambao mafundi tunasagia vali za injini. Unapaka uji, unatia maji, unazungusha. Shida ya tundu ambalo tayari lipo ni kwamba bomba halina pa kukaa katikati, linakimbia huku na huku na kuchuna kioo. Kwa hiyo toboa ubao tundu sawa na bomba, ubandike juu ya kioo kwa nta, tundu la ubao likizunguka tundu la zamani. Ubao ndio unaoliongoza bomba. Ukielewa hilo, umeelewa karibu yote.

Madame alinikataza kugusa sanduku kabla ya kujaribu kwenye vioo vingine. Nikaleta kioo cha mlango wa gari. Kosa langu. Kioo cha gari kimepikwa kwa namna yake, ukikikwaruza tu kinakuwa chembechembe kama mahindi. Kililipuka mikononi mwangu. "Deux," akasema. Alama mbili, za kuleta kioo.

Kosa la pili pia langu. Maji yanapaswa kukaa pale unaposaga, kwa hiyo unajenga ukingo mdogo kuzunguka. Udongo mzuri uko bondeni, lakini bondeni siku zile hakuendeki. Nikaujenga ukingo kwa bugali iliyobaki. Ilishika vizuri sana. Tukageuka kutafuta maji, kuku wangu mwekundu akauzunguka ukingo wote akiula kama mfalme, na Madame tayari alikuwa juu ya kiti. Baadaye tulichukua udongo wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo chake, na udongo huo nakushauri na wewe.

Kioo kilichofuata kilikuwa cha dirisha, kizuri, na hapo alishika chignole yeye. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu. Mimi nimezoea chuma, chuma unakilazimisha. Yeye alizungusha kama mtu anayebembeleza mtoto, akisikiliza. Kioo kilikuwa kimesagika nusu. Akapita fundi cherehani wa avenyu yetu, akasema, "Jambo, Madame." Na Madame, bila kuwaza, akanyoosha mkono wa kuume juu ya ua. Mwili wake wote ukaegemea ule wa kushoto. Kioo kikasema tak.

Tukachukua kingine. Akapita muuza mkaa. Tak.

Nilimwambia tufunge mlango, au tufanyie kazi ndani. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeandika kwamba nyangumi ni samaki.

"Nifunge mulango mu vita hii? Watasema niko naficha kitu. Na ndani hakuna mwangaza."

"Basi usisalimie watu, Madame. Asubuhi moja tu."

Aliokota vipande vya kioo kimoja kimoja, akaviweka ndani ya mkebe. Nilidhani nimemkasirisha. Siku iliyofuata, jua likiwa bado chini, nilisikia mlango wake. Nikatoka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, anaanzia nyumba ya kwanza ya avenyu. Alipiga hodi, akatoa mkono, akaeleza: leo yote niko na kazi ya kioo, mpaka saa nane sina mukono, basi hii ni ya siku nzima. Akaenda nyumba ya pili. Nyumba ya kumi. Alivuka upande wa pili wa barabara, kwenye nyumba ambazo wengi wetu tulikuwa hatujakanyaga tangu vita ianze. Nilimfuata kwa mbali nikiogopa, na nilichokiona ni watu wakitoka nje na mswaki mdomoni, wakishikwa mkono, wakibaki wanacheka mlangoni.

Saa tatu tulianza. Sanduku tulililaza kwenye godoro, upande wenye tundu ukitazama juu. Ndani, chini ya kioo, tuliingiza mfuko wa mchanga mpaka ukakigusa, maana kioo kisichoshikiliwa chini hupasuka mwishoni. Ubao, nta, ukingo wa kichuguu, uji, maji. Madame akazungusha. Mimi kazi yangu ilikuwa maji, tone kwa tone.

Na watu wakapita. Wote, msikilizaji wangu, mikono mgongoni, kama wanafunzi mbele ya mkuu wa shule. Fundi cherehani alipita akakohoa tu. Muuza mkaa akasimama kwenye ua, mikono nyuma, akitazama. Hawa wawili walikuwa hawatazamani tangu mwaka uliopita, lakini udadisi ni kitu kibaya, kila mmoja alitaka kuona, na mahali pa kuonea palikuwa pamoja. Wakaja na wengine. Kufika saa tano ua wote ulikuwa umezungukwa na watu kama kumi na tano, kimya, mikono mgongoni.

Mlio ulianza kubadilika. Jifunze kuusikia: mwanzoni ni mzito, kama jiwe la kusagia, karibu na mwisho unakuwa mwembamba. Hapo ndipo pa hatari. Kilichobaki ni unene wa karatasi, na ukitetemeka, au ukinyanyua bomba vibaya, kioo kinamega ufa unaokimbia mpaka pembeni.

Hapo ndipo alipofika yule kijana wa barrière. Bunduki begani, peke yake, anatabasamu. Watu wakamfungulia njia. Akaja mpaka kwenye ua, akamtambua Madame, akanyoosha mkono.

"Mama ya nyumba ya samaki. Jambo."

Hakusalimiwa asubuhi. Hakujua. Niliona bega la Madame likianza kuinuka, lile bega la kuume, nikafahamu kwamba linajiinukia lenyewe. Mkono wa kijana ulikuwa hewani. Katika siku zile, mkono wa mtu mwenye bunduki ukibaki hewani, hujui utashukia wapi. Mimi maji ya kwenye kikombe niliyamwaga miguuni.

Fundi cherehani akatoa mikono mgongoni. Alikuwa mwoga kuliko sisi sote, sijui ujasiri aliupata wapi. Akaudaka ule mkono hewani, akautikisa kwa nguvu, akamwuliza kijana habari ya nyumbani, ya mama yake, ya baridi ya usiku. Alipoishiwa maneno, muuza mkaa akaupokea. Halafu mwingine. Wakasimama mstari bila mtu kuwapanga, kila mmoja akimsalimia kijana kwa niaba ya Madame, salamu ndefu za kijijini, za mashamba na ng'ombe na mvua, na waliofika mwisho walirudi nyuma wakaanza upya. Kijana alicheka, akahamisha bunduki bega la pili ili mkono upumzike. Mstari ulichanganyika, na katika kuchanganyika fundi cherehani alijikuta ameushika mkono wa muuza mkaa. Walitazamana. Hawakuuachia mara moja.

Mlio ukakata. Si tak. Ulinyamaza tu.

Madame akasimamisha chignole, akangoja, akainua bomba taratibu sana. Kioo kilikuwa kizima, na kwenye tundu jipya kidole gumba changu kiliingia bila kugusa. Akachokonoa ndani ya bomba kwa kijiti, ikaanguka kiganjani mwake pete ndogo ya kioo, yenye tundu la zamani katikati. Aliiweka mfukoni. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, kuume na kushoto, akaenda kwenye ua.

"Sasa na miye niko na mukono," akamwambia kijana, akampa.

Yule kijana aliuliza kama sasa anaweza kuona samaki. Tulimwonyesha mabeseni. Aliinama muda mrefu, akauliza kwa nini yule wa peke yake amevimba taya, na Madame akamfundisha somo lote, bunduki ikiwa imeegemea lenga-lenga. Hakumpa alama. Wala mimi hakunipa, ingawa nilizingoja siku nzima.

Kingo za tundu tulizilainisha kwa jiwe la kunolea lililolowa, fanya hivyo na wewe, tukatia bomba pana lililozungushiwa mpira wa baiskeli, tukawarudisha samaki. Maji machafu yakaanza kushuka kwenye lenga-lenga bila kuziba. Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa wameketi, na ngege jike akafungua mdomo. Watoto wake wakatoka kama pilipili manga, wengi, wakiwa na macho. Mtoto mmoja aligonga kioo kwa furaha, na wote wakarudi mdomoni kwa mama yao, mara moja, kana kwamba wamevutwa. Yule aliyesema ni hadithi ya Wazungu alianza kulia, akidhani mama amewala.

"Madame, anabakula!"

"Hapana. Anabaficha. Ngoja."

Wakangoja. Akawatema tena. Makelele ya furaha ya siku ile yaliwatoa watu nyumba za mbali, wakidhani amani imetangazwa.

Nilimwona mara ya mwisho miaka mingi baadaye, vita ikiwa imetuacha, huko Nyankunde, kwa mdogo wake alikohamia. Nilikuwa nimepeleka gari la mtu hospitalini. Nilimkuta uani anaosha mboga, mikono inatetemeka kwa uzee, na kwa kuwa ilikuwa na maji alinipa kifundo cha mkono. Shingoni alikuwa na ufunguo kwenye kamba, na kwenye kamba hiyo pete ya kioo, kingo zake zimelainika kwa kuguswa.

Tulicheka sana, hasa juu ya kuku. Nilipoaga ndipo nikamwuliza alama za siku ile, maana hakuzitoa. Hakuwaza hata kidogo, alikuwa nazo tayari miaka yote.

"Dix-neuf."

Kumi na tisa. Nikamwuliza ile moja ameitoa kwa sababu gani, kioo kilitoka kizima.

"Asubuhi ile nilipita nyumba zote," akasema. "Barrière nilisahau. Nao walikuwa ku avenyu yetu."

Basi umesikia. Kesho, kabla ya kushika chignole, pita njia yako yote na umsalimie kila mtu, hata yule wa mwisho wa njia ambaye ungependa kumruka. Kisha rudi, tia maji, zungusha polepole, na usisukume.